Themostati si ya nchi za baridi tu

Mombasa wengi huamini kwamba ukitoa themostati, vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji ya injini kwenye rejeta, gari halitachemka. Imani hiyo ina chanzo: themostati iliyokwama ikiwa imefunga huzuia maji kufika kwenye rejeta, na injini huchemka kweli. Dawa ni kuweka nyingine yenye nyuzi zilezile za joto.

Isipokuwepo, maji hupita kwenye rejeta muda wote. Injini haifiki joto lake, mafuta huliwa zaidi, na siku ukipanda Limuru alfajiri, hita hupuliza hewa vuguvugu tu. Tena zipo injini ambazo sehemu ya maji hukata njia bila kugusa rejeta. Hizo huweza hata kuchemka.

Washa injini iliyopoa kabisa, ushike paipu ya juu ya rejeta, mkono mbali na feni. Themostati nzima huiacha baridi dakika kadhaa, kisha inapata moto ghafla. Ikipata joto polepole tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi.

Iliyotolewa ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni: yenye chapa 82 huanza kufunguka karibu na nyuzi hizo, kabla maji hayajatokota.

Hita bado dhaifu? Gusa paipu zake mbili. Moja moto, nyingine baridi: imeziba, au vali yake haifunguki.