Je, wajua kwa nini mkaguzi wa ndani wa bandari ana wakubwa wawili?

Desemba 2015 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitua ghafla Bandari ya Dar es Salaam na kuuliza habari za makontena 2,387 yaliyotoka kati ya Machi na Septemba 2014 bila kulipiwa tozo ya bandari. Idadi hiyo ilikuwa tayari imeandikwa kwenye ripoti ya wakaguzi wa ndani wa Mamlaka ya Bandari. Siku chache baadaye Rais Magufuli aliivunja bodi.

Wakaguzi hujuaje? Tazama ubavuni mwa kontena lolote: kuna herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenye kontena, ya nne kwa kawaida ni U. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kupiga hesabu ya zote zilizotangulia, kwa hiyo karani akikosea namba moja, kompyuta kwa kawaida humkatalia. Mkaguzi huchukua orodha ya mizigo ya meli, orodha ya malipo na orodha ya vilivyotoka getini, kisha huzilinganisha. Namba iliyoshuka melini, ikatoka getini, lakini haionekani kwenye malipo, hiyo ndiyo anayoifuata. Kazi huwa ngumu zaidi kontena linapohamishiwa kwanza bandari kavu, yaani eneo la kuhifadhia makontena nje ya bandari yenyewe, maana hapo geti ni jingine na makarani ni wengine.

Sasa, mshahara, ofisi na likizo ya mkaguzi hupitia kwa mkurugenzi mkuu. Lakini kazi anayoikagua ni ya mkurugenzi huyohuyo! Ripoti ikiishia mezani kwake, ni rahisi mno kulala kwenye droo. Ndiyo maana taratibu za ukaguzi zinataka matokeo yapelekwe kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi, na mkurugenzi asiweze kumng'oa mkaguzi kwa uamuzi wake peke yake.

CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, naye yupo, kwa Ibara ya 143 ya Katiba, lakini yeye hutoka nje na ripoti yake kuu huja mwaka wa fedha ukishafungwa. Wa ndani anaweza kuliona tatizo malori yakiwa bado kwenye foleni. Kwa hiyo mimi, nikiikuta bodi yoyote ya bandari, ningeuliza kwanza: hoja ngapi za mkaguzi wenu hazijafungwa, na ya zamani kuliko zote ni ya lini?