Ile sio rangi jamani, ni viputo

Juzi kijiweni Ngamiani tunakunywa kahawa, mzee mmoja anasimulia habari za mdogo wake aliyeenda kutibiwa ini India, anasema "wakamchoma sindano ya rangi ndo wakampiga altrasaundi", na baraza zima likaitikia ehee, rangi. Hili nimelisikia mara nyingi mno, mpaka kwa watu wa hospitali, sasa naomba niliandike.

Altrasaundi ya kontrasti ni altrasaundi hii hii tunayoijua, ila mgonjwa anachomwa kwanza dawa yenye viputo vidogo sana vya gesi kwenye mshipa wa mkono (mshipa wa damu, maana huku kwetu Tanga ukisema mshipa mtu anafikiria busha), ili damu ionekane inavyopita mpaka kwenye vishipa vyembamba kabisa. Mionzi haimo, ni sauti tu.

Sasa rangi inatoka wapi? Rangi ni kitu cha macho, inataka mwanga. Ile mashine haioni, inasikiliza. Inatuma sauti ambayo sikio la mtu haliipati halafu inangoja mwangwi urudi, na damu mwangwi wake ni hafifu mno, ndo maana kwenye kioo inatokea nyeusi. Gesi ndo inaitika kwa nguvu, kile kiputo kinabanwa na kutanuka kila wimbi likipita, na mashine inaujua mlio wake kati ya milio ya nyama zingine zote. Tena kisa chenyewe kilianza na rangi ya kweli, mwaka 1968 kule Marekani Gramiak na Shah walikuwa wanatazama mzizi wa aota (ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) huku mgonjwa anachomwa rangi ya kijani inayoitwa indosayanini, ghafla mwangwi ukajaa, na baadaye ikajulikana kwamba rangi haikuhusika kabisa, ni vipovu vya hewa vilivyoingia pamoja na sindano! Hata neno kontrasti halina rangi ndani yake, ni Kilatini, kusimama kinyume na kitu kingine. Damu yenye viputo inasimama mbali na nyama iliyoizunguka, basi.

Na ukiita rangi unapoteza jambo kubwa zaidi. Dawa ya ayodini wanayochoma kwenye siti skani inavuja, inatoka kwenye mishipa inaingia kwenye nyama, halafu figo ndo zinaitoa. Kiputo hakivuji. Kina mikromita 1 mpaka 10, yaani kinalingana na chembe nyekundu ya damu, kinapita kila chembe inapopita na hakitoki nje ya mshipa, kwa hiyo ukikiona kiputo umeiona damu yenyewe. Daktari anaweza kuvipasua vyote kwa mpigo mmoja wa sauti kali halafu anahesabu sekunde vipya vijae tena, pakijaa haraka au polepole anajua vishipa vya pale vikoje, iwe uvimbe kwenye ini au utumbo wenye ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba kwa muda mrefu.

Kishipa kimoja kimoja altrasaundi ya kawaida haikioni. Ni kama ukisimama Raskazone usiku unatazama taa za wavuvi wa dagaa, zikiwa nyingi pamoja unaona weupe tu, ila ukiifuata taa moja moja inavyosogea unaweza kuchora njia ya kila ngalawa. Wafaransa walifanya hivyo kwa viputo kwenye ubongo wa panya, wakatoa matokeo 2015, na vishipa vikachoreka.

Yule mzee sikumkatiza mbele za watu. Tulivyoinuka nikamwambia, mzee wangu, ile sindano ya mdogo wako haikuwa rangi, ni viputo vya gesi, na ile gesi karibu yote ilishatoka ndani ya robo saa.

"Ikatokea wapi?"

Puani mzee, aliipumua tu.