Budapest 1956: Wafanyakazi walivyoigomea serikali ya wafanyakazi

Masimulizi mengi ya maasi ya Hungaria dhidi ya utawala wa kikomunisti huanzia tarehe 23 Oktoba 1956 na kuishia tarehe 4 Novemba, vifaru vya Kisovieti viliporudi Budapest kwa kishindo. Mimi kazi yangu ni historia ya vyama vya wafanyakazi, na ukomo huo hunisikitisha kila ninapoukuta. Baada ya tarehe 4 Novemba migomo iliendelea nchini kwa zaidi ya mwezi mzima, na hapo ndipo wafanyakazi walipoonyesha walichokuwa wanakitaka hasa.

Mwanzo wake unafahamika. Februari 1956 Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliyaanika makosa ya mtangulizi wake Stalin mbele ya wajumbe wa chama cha kikomunisti mjini Moscow. Juni, wafanyakazi wa Poznań, Polandi, waliingia barabarani wakapigwa risasi. Oktoba Polandi ikapata kiongozi mpya, Gomułka, na wanafunzi wa Budapest wakaandamana kuwaunga mkono Wapolandi. Jioni ile ya tarehe 23 umati uliiangusha sanamu ya Stalin, zikabaki buti zake tu pale juu. Polisi wa siri, ÁVH, walipowafyatulia watu risasi kwenye jengo la redio, maandamano yakageuka mapigano. Imre Nagy, mkomunisti mwanamageuzi, akashika uwaziri mkuu, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba Hungaria inajitoa katika Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Wasovieti.

Wanafunzi waliyaanzisha, lakini wengi wa walioshika bunduki walikuwa vijana wa viwandani, na sababu zao zilikuwa za kiwandani. Chini ya Rákosi, kiongozi wa chama cha kikomunisti cha Hungaria hadi katikati ya 1956, mfanyakazi alilipwa kwa kiasi alichozalisha, na kiwango kilipandishwa kila alipokaribia kukifikia. Sehemu ya mshahara ilikatwa ili kuikopesha serikali, kwa mikopo iliyoitwa ya hiari, na kuikataa kulikuwa hatari. Chama cha wafanyakazi hakikumtetea. Kazi yake ilikuwa kumhimiza azalishe zaidi. Katika ofisi ya utumishi kulikuwa na kabati lenye faili la kila mtu: baba yake alikuwa nani, jamaa gani wako nje ya nchi, nani amemsema vibaya. Maasi yalipoanza, katika viwanda kadhaa makabati hayo yalivunjwa na kila mtu akakabidhiwa faili lake mkononi. Nikitakiwa kueleza kwa tukio moja maana ya 1956 kwa mfanyakazi wa kawaida, nitalitaja hilo.

Mabaraza ya wafanyakazi yalichipuka haraka. La kwanza Budapest lilichaguliwa tarehe 24 Oktoba katika kiwanda cha taa za umeme cha Egyesült Izzó, Újpest. Karakana zilichagua wajumbe wao wenyewe, na tarehe 31 Oktoba wajumbe wa viwanda vikubwa walikutana na kukubaliana kwamba kiwanda ni mali ya wafanyakazi. Baraza ndilo litakaloajiri mkurugenzi na kupanga mishahara, na serikali italipwa kodi na sehemu ya faida. Hapa propaganda ya Moscow inaanguka yenyewe, maana ilidai kwamba maasi yale yalilenga kuwarudishia mabepari mali zao. Wafanyakazi walilikataa hilo waziwazi.

Kisha vifaru vikaja. Nagy alikimbilia ubalozi wa Yugoslavia, na János Kádár, kiongozi mwingine wa kikomunisti, akawekwa madarakani na Wasovieti. Kisiwa cha Csepel kusini mwa Budapest, chenye viwanda vya chuma na kilichosifiwa na chama kuwa ngome yake nyekundu, kilipigana hadi tarehe 11 Novemba. Bunduki ziliponyamaza kikabaki kitu ambacho vifaru havikiwezi: watu hawakurudi kazini. Unaweza kumpeleka mtu kiwandani kwa mtutu wa bunduki, lakini makaa ya mawe hayachimbwi kwa mtutu.

Tarehe 14 Novemba wajumbe walikutana Egyesült Izzó wakaunda Baraza Kuu la Wafanyakazi la Budapest. Mwenyekiti wake muda mfupi baadaye alikuwa Sándor Rácz, fundi wa miaka 23 kutoka kiwanda cha simu cha Beloiannis. Walitaka majeshi ya Kisovieti yaondoke, Nagy arudi, waliokamatwa waachiwe, na viwanda vibaki mikononi mwa wafanyakazi. Wajumbe wakaenda bungeni kuzungumza na Kádár uso kwa uso. Baada ya mabishano makali baraza lilikubali kazi zianze, kwa sababu baridi ilikuwa inaingia na wenye kuumia walikuwa wananchi, huku likishikilia haki ya kugoma tena. Wapo wanaouita uamuzi huo udhaifu. Mimi naona ni uongozi wa watu waliojua nani atakosa mkate.

Tarehe 21 Novemba walipotaka kuunda baraza la taifa zima, vifaru viliuzingira ukumbi. Kesho yake Nagy alitoka ubalozini akiwa ameahidiwa usalama, akatekwa na Wasovieti na kupelekwa Romania. Tarehe 9 Desemba serikali ikalipiga marufuku Baraza Kuu, nalo likajibu kwa mgomo wa saa 48. Rácz na mwenzake Sándor Bali walikuwa wamejificha ndani ya Beloiannis wakilindwa na wafanyakazi wenzao, hivyo Kádár akawaalika bungeni kwa mazungumzo. Walikwenda tarehe 11 Desemba, na huko huko wakakamatwa. Januari 1957 kuchochea mgomo kukawa kosa linaloweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo, katika nchi iliyojiita dola ya wafanyakazi.

Watu wapatao 200,000 waliikimbia Hungaria, na Nagy alinyongwa tarehe 16 Juni 1958. Rácz alifungwa maisha, akatoka kwa msamaha wa 1963. Nagy alipozikwa upya kwa heshima tarehe 16 Juni 1989, fundi huyo alikuwa miongoni mwa waliohutubia umati. Askari wa mwisho wa Kisovieti aliondoka mwaka 1991, na hivyo dai moja la baraza likatimia. Lile la viwanda halikutimia: serikali zilizofuata baada ya ukomunisti ziliviuza, na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira. Wanasiasa wa leo wanaoyaadhimisha maasi yale kila tarehe 23 Oktoba hawapendi kulitaja dai hilo.