Fonoliti: kulia kwa jiwe hakutoshi

Wanafunzi wa jiolojia wanaokuja kwetu Tukuyu huniuliza: jiwe likigongwa nyundo likalia kama kengele, si ndiyo fonoliti, lile jiwe la volkano? Huenda. Ila msiandike daftarini bado.

Mkanganyiko umetokana na jina. Wajerumani waliliita Klingstein, jiwe linalolia. Mwaka 1801 mkemia Martin Heinrich Klaproth, yuleyule aliyegundua urani, akaligeuza kwa Kigiriki: phone ni sauti, lithos ni jiwe. Jina likashika, sikio likapewa kazi isiyo yake.

Jiwe hulia kwa sababu ya umbile: chembe ndogondogo zilizobanana, mapande bapa, hakuna nyufa. Kule Moru, Serengeti, kuna mwamba wa graniti wenye vishimo vya kugongwa. Unalia vizuri sana, na wala si wa volkano. Kwa upande mwingine, fonoliti iliyooza kwa mvua za Rungwe (na mvua za huku hazina utani) hutoa kishindo kizito tu.

Siku hizi jina hili hutolewa kwa madini na kemia. Magma (mwamba ulioyeyuka) yenye sodiamu na potasiamu nyingi inapopoa, viwili hivyo huhitaji silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni, ili felspa, madini ya kawaida ya mawe, ijengeke. Silika ikipunguka, sehemu ya sodiamu huishia kwenye nefelini, madini yanayoridhika na silika kidogo. Ndiyo maana ukiona kwatzi iliyotokana na magma ileile, fonoliti isahau: kwatzi ni silika iliyobaki, na nefelini isingekubali ibaki. Silika ikitosheleza felspa, jiwe ni trakiti.

Hapo ndipo milima yetu inapotusumbua. Rungwe na Ngozi zimetoa trakiti na fonoliti zinazokaribiana mno, na hata kwa lenzi ya mkononi mara nyingi hazitenganishiki. Hata pumisi (jiwe la volkano lenye matundu) ya Rungwe, iliyorushwa miaka kama 4,000 iliyopita, ni ya ukoo wa trakiti, ilhali ni nyepesi na haina mlio wowote.

Wazee wa fani walisaga jiwe wakatia asidi ya hidrokloriki. Nefelini ikiwemo, hutokea rojorojo. Sasa maabara hupima silika, hujumlisha oksidi za sodiamu na potasiamu, kisha namba huwekwa kwenye chati.

Ukileta sampuli, vunja hadi ndani. Ganda la nje limeshapoteza sodiamu, na chati italiita jiwe lako jina la jirani.