Tibet inasimama juu ya nini? Dhana potofu na ukweli kuhusu nyanda za juu

Kila mwaka wanafunzi wapya wa jiolojia hunichorea mchoro uleule wa jinsi Tibet, nyanda za juu zilizo kaskazini mwa Himalaya, ilivyoinuka. Mishale miwili inakabiliana, wa India kutoka kusini na wa Asia kutoka kaskazini. Katikati ardhi imejikunja kwenda juu, na chini ya yote umepigwa mstari mmoja ulionyooka kwa rula. Mikunjo sina ugomvi nayo. Huo mstari wa chini ndio unaonichosha, na nimeukuta hata ubaoni kwa walimu wa jiografia.

Dhana: Mabara yakigongana ardhi huinuka, lakini chini hakubadiliki kitu

Chini ndiko kunakobadilika zaidi. Ganda la dunia chini ya bara la kawaida lina unene wa kilomita 35 hadi 40. Chini ya Tibet ni takriban kilomita 70. Uso wenyewe uko wastani wa mita 5,000 juu ya bahari. Kwa hiyo katika kilomita thelathini na kitu zilizoongezeka, unazoziona kwa macho ni 5 tu. Zilizobaki zimezama ndani ya koti la dunia, yaani tabaka la miamba mizito lililo chini ya ganda.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Densiti ya ganda, yaani gramu katika kila sentimita moja ya ujazo, ni kama 2.8, ya koti kama 3.3. Zidisha kilomita 5 za mwinuko kwa 2.8, kisha gawanya kwa 0.5, ambayo ndiyo tofauti ya densiti hizo. Unapata mzizi wa kilomita 28. Jumlisha 35 za kawaida na 5 za juu, utafika 68. Mawimbi ya matetemeko nayo yanasema hivyohivyo: mwendo wake hubadilika ghafla yanapovuka mpaka wa ganda na koti, tunaouita Moho, na kina cha mpaka huo hupimika. Tupa majini magogo mawili ya mti mmoja, nene na jembamba. Lile nene litatokeza juu zaidi, na litazama zaidi pia.

Watu walilijua hili kabla ya vipimo vya mitetemo. Wapima ardhi wa Kiingereza nchini India walikuta kwamba vituo vyao viwili, Kaliana na Kalianpur, havipatani: tofauti ya latitudo iliyopimwa kwa nyota ilipishana na ile iliyopimwa ardhini kwa sekunde 5 na ushei, sekunde moja ikiwa ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja. Ilidhaniwa Himalaya inavuta timazi, ule uzi wenye uzito uliowaonyesha wima walipopima nyota. John Henry Pratt, kasisi na mwanahisabati, akakokotoa uzito wa milima pamoja na nyanda zilizo nyuma yake, akapata kwamba tofauti ingepaswa kuwa karibu sekunde 16. Timazi ilivutwa theluthi moja tu ya ilivyostahili. Mwaka 1855 George Airy, mwanafalaki wa Uingereza, akaeleza sababu: chini ya milima upo mzizi wa miamba myepesi ulioshika nafasi ya miamba mizito, na upungufu huo wa uzito unafuta sehemu kubwa ya mvuto wa milima. Mwalimu yeyote anayefundisha mgongano wa mabara na aanze na timazi hiyo, mishale ije baadaye.

Unene wenyewe umetoka pande mbili. Tangu mgongano uanze, yapata miaka milioni 50 iliyopita, ganda la Asia limebanwa likafupika na kunenepa, na ganda la India limeteleza chini ya Himalaya hadi chini ya kusini mwa Tibet. Chini ya kusini huko, bamba la India bado ni baridi na gumu. Ukienda kaskazini mambo hugeuka. Yale mawimbi yanayopita juu kabisa ya koti, ambayo kusini husafiri vizuri, kaskazini hufifia, dalili kwamba koti huko ni la moto na dhaifu. Uwanda mmoja wenye uso mmoja tambarare, lakini chini yake kuna hali mbili tofauti kabisa.

Mchoro wa rula huzaa kosa la pili, la kusema kwamba Tibet imeshikiliwa juu na msukumo wa India tu, na kwamba India ikisimama leo Tibet itaporomoka. Haitaporomoka, kwa kuwa mzizi wake unaifanya ielee. Itakachofanya ni kutanuka polepole kwa uzito wake, na tayari imeanza: kusini mwa Tibet kuna mabonde ya ufa yanayoelekea kaskazini na kusini, kama lile la Yadong-Gulu, yanayoonyesha ardhi ikivutwa mashariki na magharibi huku ikiendelea kubanwa kutoka kusini. Ganda nene hivyo hupata joto jingi kutoka kwa elementi nururishi zilizomo ndani yake, sehemu zake za kati na za chini hulegea, na kilicholegea hakiwezi kubeba tofauti kubwa za kimo. Ndiyo maana tuna uwanda, badala ya safu tupu za vilele. Mabishano yaliyobaki kati yetu ni kuhusu umbali ambao miamba hiyo iliyolegea husafiri.

Dhana: Chini ya Tibet kuna bahari ya lava

Hakuna. Mawimbi ya S, yale ya matetemeko yanayotikisa mwamba upande kwa upande, hayapiti kwenye kimiminika, na yanapita chini ya Tibet. Kusini, kwenye kina cha kilomita 15 hadi 20, zipo sehemu ambazo mwamba umeyeyuka kidogo, na chemchemi za moto za Yangbajain karibu na Lhasa zinalishwa na joto hilo. Mwamba ulioyeyuka kwa asilimia chache bado ni mwamba.

Dhana: Mgongano ulikwisha zamani

India inasogea kaskazini kwa sentimita 4 hadi 5 kwa mwaka, na takriban 2 kati ya hizo zinaishia Himalaya. Waulizeni watu wa Nepal kuhusu tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015.

Dhana: Tibet yote iliinuka kwa pamoja

Ukingo wa kusini ulikuwa na milima ya volkeno hata kabla India haijafika. Katikati, kwenye bonde la Lunpola, yamepatikana mabaki ya majani ya miti ya jamii ya minazi na mitende yenye umri wa takriban miaka milioni 25. Miti ya jamii hiyo haioti kwenye mita 5,000.

Dhana: Kila uwanda wa juu ni mtoto wa mgongano, na wetu pia

Altiplano, uwanda wa juu wa milima ya Andes, ina ganda nene karibu sawa na la Tibet, na hakuna bara lililoigonga. Pale bamba la bahari la Nazca linazama chini ya Amerika Kusini. Nyanda za Afrika Mashariki ni kinyume chake kabisa. Ganda letu ni la kawaida, na Turkana limevutwa hadi kubaki kama kilomita 20. Kinachotuinua ni koti la moto linalopanda kutoka kina kirefu. Kuchora mishale miwili inayokabiliana chini ya Nairobi au Dodoma ni kosa, na ningependa kuona linakoma mashuleni.

Mgongano wetu upo, ila ni wa kale. Katika Mkanda wa Msumbiji, ukanda wa miamba ya kale unaopita Afrika Mashariki, mabara yaligongana zamani, na miamba ya Pare, Usambara na Uluguru inabeba ushahidi. Mingi ni granuliti, miamba iliyogeuzwa na joto na shinikizo kali, zilizopikwa takriban miaka milioni 640 iliyopita, na madini yake, garneti zikiwemo, yanaonyesha shinikizo la kina cha kilomita 35 au zaidi. Mmomonyoko na kuvutwa kwa ganda vimeifikisha juu, tunapoikanyaga. Ukienda Lushoto, usitazame mandhari tu, tazama na mawe. Chini ya mawe hayo leo ganda bado lina kilomita 35 hadi 40. Jumlisha na zile 35 zilizokwisha ondoka juu yake, unapata 70 au zaidi, unene uleule wa Tibet.