Aprikoti ya kahawia na chai ya mlimani: soma lebo ya vyakula vya Armenia kabla hujatoa oda

Aprikoti kavu ikiwa na rangi ya chungwa inayong'aa kama reflekta ya bodaboda ujue hiyo imepigwa salfa. Ile iliyokaushwa na jua peke yake inakuwa ya kahawia iliyokolea, imesinyaa, ngumu kidogo, na kwenye picha haivutii hata kidogo. Naanza na hili kwa sababu hapa kitengo cha lishe tunatumiwa picha za paketi, mtu kaletewa na ndugu aliye Ulaya au Marekani, mwingine kaona mtandaoni "bidhaa asilia kutoka Armenia", na anachotaka kujua ni kama kweli ni asilia na kama anaweza kutumia na dawa zake. Hilo la pili ndo muhimu kuliko la kwanza, tutafika.

Armenia ni nchi ya milima, haina bahari, sehemu kubwa ya ardhi yake iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na mlima wake mrefu kuliko yote, Aragats, unafika mita 4,090. Baridi yao sio mchezo, theluji inakaa miezi. Kwahiyo toka zamani chakula cha majira ya baridi kilikuwa lazima kiandaliwe kiangazi, na njia ilikuwa kukausha, kuchachusha, kutia chumvi au kupika mpaka kizito. Hapo ndo vinatoka vitu vingi unavyoviona leo kwenye hizo paketi nzuri.

Turudi kwenye aprikoti, mishmishi kwa watu wa pwani. Jina lake la kisayansi lenyewe ni Prunus armeniaca, na Waarmenia wanajivunia zile za bonde la Ararat kwelikweli. Salfa dioksaidi inatiwa ili rangi isipotee na fangasi wasiote, inaruhusiwa, kiwango cha juu cha kimataifa kwa aprikoti kavu ni miligramu 2,000 kwa kilo, na wengi wetu tukila hatupati shida yoyote. Mwenye pumu ndo awe makini maana inaweza kumbana kifua. Kwenye lebo tafuta E220 mpaka E228, au neno lolote linaloanza na "sulf". Alafu ile mbegu ya ndani, tafadhali, ile chungu msiitafune kama karanga eti inazuia kansa. Ina amigdalini ambayo tumboni inatoa sumu ya sianaidi, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishasema mwaka 2016 kwamba kwa mtu mzima zaidi ya mbegu tatu ndogo kwa mkupuo inaweza kuvuka kiwango salama. Mtoto hata moja usimpe.

Kitu ambacho mimi binafsi nakipenda kwenye mapishi yao ni aveluk. Ni mboga ya porini yenye majani marefu, wanaichuma majira ya kuchipua, na jani bichi ni chungu huwezi kulila. Wanayasuka yakiwa bado mabichi, yaani wanasuka kabisa kama nywele, mkia mrefu, wanauning'iniza kivulini wiki kadhaa, na humo kwenye kukauka taratibu ule uchungu unapungua na ladha inabadilika. Ukitaka kupika unaloweka, unachemsha, maji ya kwanza unamwaga, ndipo unatengeneza supu na dengu, kitunguu saumu na walinati. Usiruke hatua ya kumwaga maji, mboga za jamii hii zina oksaleti nyingi, kitu kinachochangia mawe ya figo, na kama umewahi kupata mawe ya figo kula kidogo au acha tu.

Lavash mnaijua pengine, mkate mwembamba unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo liitwalo tonir, UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Wa kienyeji una unga, maji, chumvi, basi, unakaushwa ukakaa miezi na wakitaka kula wanaunyunyizia maji unalainika. Ukikuta wa paketi umekaa miezi na bado laini kama wa leo, soma viungo, kuna kitu kimeongezwa.

Kwenye vitamu kuna ttu lavash, ambayo sio mkate, ni plamu au aprikoti iliyopondwa ikatandazwa nyembamba na kukaushwa, ile nzuri haina sukari na inakuwa chachu mpaka unafumba jicho. Kuna sujukh, walinati zilizotungwa kwenye uzi zikachovywa kwenye juisi ya zabibu iliyopikwa nzito na mdalasini na karafuu. Kuna jamu ya walinati changa zikiwa bado na ganda la kijani, wanaloweka siku nyingi wakibadilisha maji kutoa uchungu. Vyote vitamu, lakini mgonjwa wa sukari asidanganywe na neno asilia, juisi ya zabibu iliyokaushwa maji ni sukari, mwili haujali imetoka kiwandani au kwenye shamba la babu wa mtu. Asali ya mlimani nayo, mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, ya Armenia wala ya Tabora.

Sasa chai. Mara nyingi utakutana na urts ambayo ni zaatari ya porini, nanaa, masur ambayo ni tunda la waridi mwitu, na chichkhan, vile vitunda vidogo vya rangi ya chungwa vikali kama ndimu. Historia wanayo, tabibu Mkhitar Heratsi aliandika kuhusu homa mwaka 1184 na karne ya 15 tabibu mwingine, Amirdovlat Amasiatsi, alikusanya maelezo ya mimea dawa kibao, pale Yerevan, mji mkuu, kwenye maktaba ya Matenadaran wana maandishi ya kale ya tiba. Naheshimu sana, ila kitu kuwa cha zamani hakimaanishi kimethibitishwa kutibu. Urts inatuliza koo, sawa, kunywa, lakini kikohozi kikifika wiki mbili nenda kituo cha afya ukapimwe TB, usiendelee kuongeza kijiko cha majani.

Namna ya kuandaa: majani na maua yanataka maji ya moto dakika tano mpaka kumi na kikombe kifunikwe, harufu ikitoka na mvuke umebaki na maji ya rangi. Masur ni gumu, lipondeponde, tia kwenye chupa ya chai na maji ya moto, acha usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa safi na sio kichujio cha majani, maana ndani ya tunda kuna vinyoya vidogo sana vinawasha koo na tumbo. Vitamini C ipo ila kukausha na joto vinapunguza, usitegemee namba zinazosemwa za tunda bichi.

Na hapa ndo nataka msome polepole. Kwenye mchanganyiko mwingi wa "maua ya mlimani" kuna srohund, kwenye lebo imeandikwa Hypericum perforatum. Ua la njano lenye vidoa vyeusi pembeni, na jani lake ukilinyanyua kwenye mwanga unaona vitundu tundu vinapitisha mwanga. Likishakauka na kusagwa na majani mengine hulijui tena. Mmea huu unaamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, kwahiyo unameza dozi yako vizuri kabisa lakini kwenye damu dawa inapungua. Dolutegravir, ile iliyomo kwenye kidonge cha ARV wanachotumia wengi kwa sasa, inapungua. Vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango vinapungua nguvu, mtu anashtukia mimba. Warfarin ya kuzuia damu kuganda, digoxin ya moyo, siklosporini ya waliopandikizwa figo, zote hizo. Kwa anayetumia dawa za sonona tatizo ni lingine, serotonini, kemikali ya ubongo, inapanda kupita kiasi, anatetemeka, joto linapanda, moyo unakimbia. Na ukiacha chai leo athari haiishi leo, inachukua kama wiki mbili ini kurudi kawaida. Kama umekuwa ukinywa na uko kwenye dawa yoyote kati ya hizo, usiache dawa, acha chai, na mwambie mfamasia au daktari wako wazi, hatakucheka. Paketi isiyotaja majani yaliyomo, jamani, iacheni dukani hata iwe nzuri kiasi gani.

Wajawazito nanaa ya kawaida haina neno, ila mchanganyiko wa majani msiyoyajua subirini. Na bidhaa ikisema inatibu presha, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja, muuzaji huyo anauza maneno.

Mwisho ni kuhifadhi, hasa mlio Dar, Tanga, Mombasa huko. Majani haya yamekaushwa kwenye hewa ya mlimani isiyo na unyevu, ukiyaacha wazi pwani yanavuta maji na kuota ukungu haraka. Tia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na jua. Ttu lavash na sujukh viringisha kwenye karatasi ya jikoni ndani ya kopo, ukiona unga mweupe juu onja kidogo, ukiwa mtamu ni sukari ya tunda imetoka nje, ila ukiona una manyoya au unanuka uvundo usionje, tupa kipande chote.