Je, Ruta Katika Mashine Pepe Lazima Iwe Polepole?

Wengi huamini kwamba ruta ya programu kama VyOS, yaani programu inayoelekeza data kati ya mitandao, ikihamishwa kutoka seva halisi hadi mashine pepe (kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya seva), haina budi kupoteza kasi. Sivyo. Prosesa ni ileile. Kinachogharimu hasa ni safari ya pakiti (kipande kidogo cha data), ambayo hupitia swichi pepe, yaani swichi ya mtandao iliyoundwa kwa programu, kabla ya kuifikia ruta. Kwenye kiungo cha gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti za baiti 64 hufika takriban milioni 14.88 kila sekunde, yaani nanosekunde 67 tu kwa kila moja, na hapo kila hatua ya ziada huumiza. Lakini pakiti za baiti 1,500 hazifiki hata milioni moja kwa sekunde, hivyo kila moja ina muda mrefu zaidi. Mashine pepe ikikabidhiwa kadi ya mtandao moja kwa moja, pengo hupungua sana, na binafsi ningejaribu hilo kabla ya kununua seva nyingine.